Siku Babu Alipoitwa Ndondocha

Nilipokuwa mtoto pale Lionja, enzi za wazungu waliokuja kulima karanga, nilimwona ndondocha mchana kweupe. Kwa macho yangu haya mawili! Wenzangu wanasimulia walichosikia. Mimi nilisimama naye karibu mpaka mate yake yakanirukia. Shule niliishia la pili, lakini kwa hili hakuna profesa wa kunifundisha.

Ndondocha ni mtu aliyeuawa na wachawi, wakamfufua awalimie mashamba. Damu hana. Na huyo niliyemwona alikuwa babu yangu, Mzee Saidi, aliyezoea kuniita mke wangu, nami namjibu, "Mume gani wewe, jino hata moja huna!"

Ilikuwa hivi. Mjomba Bakari alikuwa kibarua kambini Nachingwea, aking'oa visiki. Akatuletea kopo la vidonge vya homa, vya njano, vichungu kuliko nyongo ya mamba. "Kila mtu kimoja kwa siku," akasema, akarudi kazini. Nyumbani tulikuwa saba. Bibi akaamua: "Firigisi humu anakula nani? Si mzee? Basi na dawa ya mzungu ni ya mzee." Kila asubuhi mimi ndiye niliyempelekea babu vyote saba, nimepiga goti, kwa heshima.

Mwezi haukuisha, babu akawa manjano kama boga. Macho manjano, kucha manjano, nyuki wakamfuata wakidhani ua! Siku tisa hakufumba jicho. Akawa anawatukana askari wa Mjerumani waliokufa zamani.

Mjomba alipokuja kutusalimia, babu akamdhani mmoja wao. Akavuta panga. Sikio la mjomba liliruka mpaka juu ya paa, damu ikajaza ndoo tatu. Majirani wakaja mbio na michi na mipini ya majembe.

"Huyo si Saidi! Tazameni rangi, damu imenyonywa yote!"

"Mpigeni mpaka amtaje anayemfuga!"

Wakampiga. Mkono wake nikausikia ukivunjika, ka! kama muhogo mkavu. Akaanguka, wakaendelea. Hapo nikajitupa juu yake, nikamfunika, fimbo mia zikaishia mgongoni kwangu.

Mjomba, kashika palipokuwa sikio, akapiga kelele: "Mama, huyu mmemlisha nini?"

Bibi akajibu, "Vidonge vyako, mwanangu. Vyote."

Mjomba akawafunulia watu viganja vyake. Navyo vilikuwa na umanjano. "Sisi kambini tunameza kimoja kimoja, na tazameni. Na mimi ndondocha? Haya, nipigeni!"

Watu wakaishusha mipini chini.

Babu aliachishwa vidonge, rangi ikatoka polepole, akili ikarudi. Mkono ukabaki umepinda. Leo mzee ni mimi, na wajukuu wananiambia, "Bibi, meza viwili, wewe mkubwa." Nawafukuza! Mwili wa mzee ni mwepesi kuelemewa. Heshima yetu ndiyo iliyomtia babu wazimu, halafu tukampiga kwa wazimu huo.

Lakini niseme kweli. Sikumfunika. Mgongo wangu hauna hata kovu. Nilikuwa nimeshika mchi, nikampiga nao mara mbili, maana niliamini. Baadaye nikamlisha uji miezi miwili, naye kila kijiko ananiita mke wangu, na sikumwambia.