Bibi Kazima

Mume wangu Anyitike ni fundi wa vitu vya ndani, pale Chapwa, Tunduma, na ana namna ya kuongea ambayo ilinikera tangu aliponioa. Kwake kila kitu ni mtu. Hasemi redio imeharibika, anasema anaumwa koo. Pasi kakata roho. Feni ana homa, ndiyo maana anatetemeka. Mzambia wa Nakonde akileta friji akasema "yafwa", yaani limekufa, Anyitike anamkatalia: "Hajafa huyu. Kalala tu, mwache nimwamshe." Wateja wanacheka. Mimi nilikuwa namwambia, baba Eliakim, vitu vina ngeli yake na binadamu ana yake, usivichanganye. Ananijibu kwamba Kiswahili kilimkuta ukubwani, kwao Ileje ni Kindali tu, nisimsumbue.

Msije mkamwona mpuuzi. Ni kifungua mimba, baba yao alikufa mapema, na kwao neno lake ndilo la mwisho. Ng'ombe auzwe, mtoto aende shule, ni mpaka Anyitike aseme. Dada yake Ketrina, aliyekuwa akiishi na mama yao huko milimani, hahamishi hata jiko bila kumuuliza. Hilo nalo lilinikera, nisiwafiche.

Basi alinunua injini chakavu ya dizeli upande wa Zambia, akamfufua (mnaona, nami nimeshaambukizwa), akamfunga kijijini kwao awe mashine ya kusaga. Mama mkwe alipoona ilivyozeeka alicheka, akasema, "Huyu kanizidi umri. Mwiteni Bibi." Ikawa hivyo. Mashine Bibi, na yeye mwenyewe kwa wajukuu Bibi. Hatukuona taabu. Ukisikia Bibi kakata mkanda unajua ni yupi, na ukisikia Bibi kamaliza ugali unajua ni yupi.

Ila mama mkwe alikuwa na presha, na dawa alikuwa anakunywa akikumbuka.

Mwaka jana, baada ya mavuno, alasiri moja meseji ikaingia kwenye simu ya Anyitike. Aliyeiandika ni Blessing, binti wa Ketrina, maana mama yake hajui kuandika. Kindali wanakiongea tu, wakiandika ni Kiswahili, na mtandao mpaka upande kilimani. Mtoto alipanda mbio, akaandika: "Mjomba Bibi kazima ghafla tufanyeje". Alitaka kuandika kazimia. Herufi moja tu aliiruka.

Anyitike akanisomea huku kashika bisibisi. "Wamemnywesha dizeli chafu tena hawa," akasema. Mimi nilikuwa nachambua mboga, hata kichwa sikuinua. Akajibu: "Mwacheni apoe. Asiguswe na mtu. Kesho nakuja kumwangalia."

Kesho yake tulikwenda wote, yeye na mkoba wake wa spana na nozeli mpya ya kupulizia dizeli. Tuliposhuka kwenye pikipiki chini ya mteremko tukasikia mashine inasaga. Anyitike akafurahi mno. "Unamsikia? Kapona mwenyewe," akaniambia, akaanza kupanda huku anapiga mluzi. Njiani tukapishana na wanawake wawili wenye unga kichwani. Walitutazama, wakainamisha macho, wakapita.

Uani kulikuwa na moto mkubwa na wanaume wamekaa kuuzunguka. Ule unga uliokuwa unasagwa ulikuwa wa msiba. Hawakuwa wametuma meseji ya pili, walijua tuko njiani.

Ketrina alikuja akamwangukia kaka yake. Mama alianguka jana yake hapohapo uani, mdomo umepinda, lakini anapumua. Jirani yao Timotheo alileta pikipiki ampeleke zahanati. "Nikamkatalia, kaka," Ketrina akasema. "Aligomba sana. Nikamwambia Anyitike kasema asiguswe, aachwe apoe. Tukamfunika blanketi, tukakaa naye. Alfajiri akatuacha."

Anyitike alisimama na mkoba wake begani. Niliogopa aseme, na niliogopa asiseme. Nyuma ya Ketrina alikuwa Blessing, kaishika simu kwa mikono miwili, macho yamevimba kwa kulia. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakujua bado alichokiandika.

"Timotheo ananisema kwa watu kwamba nimemuua mama," Ketrina akasema. "Lakini wazee wanasema wewe uliona mbali. Kwamba ulijua siku yake imefika, ukataka afie kwake, si barabarani. Niambie, kaka. Ulijua?"

Mume wangu akamtazama Blessing. Akamtazama dada yake.

"Ndiyo, mdogo wangu," akasema. "Nilijua."