Mpunga wa Mgeni katika Shamba la Mama Mkwe

Viatu vyangu vya kwanza vya kamba nilivivaa siku nilipopata kazi ya gari la moshi hapa Kindu. Vilikuwa vya marehemu fulani, na cha kushoto kilikuwa kikubwa kuliko cha kulia, sijui huyo marehemu alitembeaje. Nilichechemea navyo. Kubeba mizigo kama wenzangu sikuweza, basi mkubwa wetu akanihurumia, akanipa kazi ya kusimama: kutoboa magunia ya mpunga.

Unachoma gunia kwa chuma chenye ncha na mfereji katikati, unakivuta, mpunga kidogo unatoka, mnunuzi anautazama kwenye kiganja. Wote walichoma tumboni mwa gunia, kwa sababu mkono unafika pale bila kuinama. Watu wa vijiji walijua. Tumboni waliweka mpunga safi, chini pumba na changarawe. Baba yangu naye alifanya hivyo, siwezi kumficha, amekwisha kufa. Kwa hiyo mimi nilifumba macho, nikauacha mkono uanguke popote, juu, chini, pembeni. Wauzaji walinichukia.

“We mwenye viatu vya baba wawili,” waliniambia, “nani alikufundisha kuchoma gunia kama mulevi?”

Hakuna aliyenifundisha. Darasa niliacha la tatu.

Miaka ikapita. Nchi ikawa Zaire, sisi wote tukaitwa sitwayeni, yaani raia, hata muuza ndizi. Hapo ndipo akaja agronomu, bwana wa kilimo, kijana mwembamba mwenye abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, anatafuta mtu wa kumsaidia. Sokoni Kasuku wakamwelekeza kwangu, kwa mzaha nafikiri. Akaniuliza kwa nini nilikuwa nafumba macho.

“Nikiangalia, mukono unaenda penye unapenda,” nikasema.

Hakucheka. Akasema tutaanza kesho.

Alileta mbegu mpya ya mpunga. Wakubwa wa mjini walitaka kujua kama inaishinda ile ya kwetu. Ikishinda, amri itatoka: ng'ambo yote ya mto wapande hiyo mpya, na mpunga wa zamani hautapokelewa tena kwenye gari la moshi. Na shamba tulilopewa la kujaribia lilikuwa la nani? La mama mkwe wangu. Mbegu yake aliipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake, masuke yamefungwa juu ya moshi wa jiko. Alijua siku zake za kuiva, alijua ndege wanaoipenda. Kwa hiyo kilichokuwa kinaamuliwa pale, kwake, kilikuwa ni hayo masuke juu ya jiko.

Shamba lilikuwa la mteremko. Juu pakavu, chini karibu na kijito pana maji. Agronomu akalikata vipande kumi na viwili, viwili viwili jirani: viwili juu kabisa, viwili chini yake, hivyo mpaka kijitoni. Katika kila viwili, kimoja cha mbegu mpya, kimoja cha zamani. Nikamuuliza kwa nini asipande yake yote upande mmoja, tumalize upesi.

“Nikiweka yangu yote kwenye maji,” akasema, “nani ameshinda, mbegu ao maji?”

Hilo nililielewa mara moja. Ni lile la gunia. Halafu akakunja vikaratasi akavitia katika kofia yangu, akaniambia nifumbe macho nichague kipande kipi kipate mbegu ipi. Sikuwahi kufanya kazi nikajiona ninafaa namna ile. Tukapigilia vijiti vyenye namba tu, bila jina la mbegu. Mimi na yeye tu tulijua. Wanawake watakaopalilia wasijue, alisema, maana mtu akijua moyo wake unaingia katika jembe. Akaniachia vijiti nivilinde, akarudi mjini. Huko homa ikamshika wiki nyingi.

Sasa, mimi na mama mkwe. Kwetu mkwe hamtazami mama wa bibi yake usoni. Ukimwona njiani unaingia majanini, apite. Miaka kumi na moja nilikuwa sijasikia ombi lake hata moja. Siku moja anakaa nyuma ya nyumba, mimi mbele, bibi yangu katikati mlangoni, na mama anasema kwa sauti ya kunifikia:

“Muulize mukwe wangu, mupunga wa mugeni iko wapi mule shambani?”

Bibi yangu akanigeukia. “Umesikia?”

“Nimesikia.”

“Basi sema. Ama unangoja nikupikie kwanza?”

Ombi la kwanza la mama mkwe. Ningelikataaje? Nikataja namba zote sita za vijiti vya mgeni. Nilidhani anataka kujua adui yuko wapi. Niliogopa ataing'oa, nikalala vibaya, kisha nikajiambia akiing'oa nitaona, nitasema.

Hakuing'oa. Aliipalilia mara tatu. Ya kwake mara moja. Alikaa na watoto wa jirani kufukuza ndege kwenye vipande vya mgeni, na ndege wakahamia kwenye vya kwake. Niliona haya yote kwa macho yangu mawili, nikanyamaza. Nilijua kofia yangu na vikaratasi vyake havina kazi tena, lakini kumwambia mama mkwe “acha” ni neno ambalo kinywa changu hakikuwa nalo.

Agronomu alirudi siku ya kuvuna, macho bado ya manjano. Tulikata kila kipande peke yake, tukapima kila kimoja peke yake, nami nikisoma mizani yeye akiandika katika kaye, daftari lake. Mpunga wa mgeni ulishinda vipande vyote sita. Haikuwa kidogo. Niliona mkono wake unafurahi kuandika.

Halafu akaenda kutembea kwenye mabua. Akasimama kwenye kipande kimoja: udongo safi kama uwanja wa nyumba. Akavuka kwenda cha jirani: magugu mpaka gotini. Akashuka mpaka kijitoni, safi, magugu, safi, magugu. Akafungua kaye, akalinganisha na vijiti.

“Nani alisema?”

“Mimi.”

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Akamwendea mama mkwe, mimi nikageuka nikatazama mto, nikasikia tu.

“Mama, nilisema yote sawasawa. Mbona yako umeiacha?”

“Baba, wewe umetuletea mupunga wako hapa kwetu. Huyo njo mugeni. Mugeni unamuweka mu magugu, weye unamuangalia tu?”

“Na wako je?”

“Wangu ni mutoto wa nyumba. Atasamehe.”

“Lakini nikipeleka hii hesabu, mama, watakuondolea huyo mutoto.”

Mama mkwe akasema polepole, “Hiyo hukunielezea.”

Kweli, hakuna aliyemweleza. Nilikuwa na miezi minne ya kumweleza, kupitia mlangoni. Mjini walikuwa wanangoja karatasi, na namba zile zingewapendeza, hakuna ambaye angekuja kutazama magugu. Nilifikiri haya yote nikiwa nimeupa mgongo mpunga.

Agronomu akaketi juu ya gunia. Akachora mstari mmoja juu ya ukurasa wote, kona mpaka kona. “Haisemi kitu,” akasema. “Inasema tu nani alipaliliwa.” Akaniambia ingefaa kuanza upya, msimu mwingine, shamba lingine, mtu mwingine wa kulinda vijiti. Alisema hilo la mwisho bila hasira.

Amri haikutoka. Masuke yalibaki juu ya jiko, na mama mkwe alitunza pia konzi moja ya ile ya mgeni, kando, kwa siku agronomu atakaporudi.

Siku ile ya kuvuna agronomu alivua viatu vyake, akavifunga kamba begani, akashika njia ya mtumbwi. Mama mkwe akampazia sauti bibi yangu, ili nisikie, mara ya pili katika maisha yangu:

“Muulize mukwe, atarudi?”

Agronomu alikuwa amekwisha ingia katika majani marefu. Hakugeuka, na sikumwona tena.