Mbwa Aliyepakwa Salfa

Salfa ya mikorosho inanuka yai viza na kibiriti kilichozimwa sasa hivi, na ikishakuingia puani hata wali unauona una ladha yake. Ndivyo unavyonuka mwezi wa sita kwetu Mtawanya, wanaume wanapopita mikoroshoni na mashine mgongoni, nyuso wamezifunga kanga za wake zao. Mwaka niliokuwa darasa la tano mbwa wetu naye alinuka hivyo, na aliyempaka ni mimi.

Mbwa mwenyewe aliitwa Hayawahusu. Bibi alimpa jina hilo makusudi, ili majirani wanaouliza Muislamu anafuga mbwa wa nini wapate jibu lao kila anapoitwa. Kazi yake ilikuwa kulinda mpunga bondeni dhidi ya nguruwe pori na tumbili. Alilala chini ya dungu, kile kichanja kirefu cha kulindia shamba, na uani hakuruhusiwa kukanyaga. Nyumbani tulikuwa wawili tu, bibi na mimi, na mpunga ule ndio ulikuwa chakula chetu cha mwaka mzima. Ila mate ya mbwa ni najisi; yakikugusa unaosha mara saba, mara moja kwa udongo. Kwa hiyo Hayawahusu tulimpenda kwa mbali, tukimtupia ukoko kama watu wanaolisha mamba. Na ukiwa mbali huoni kupe.

Mwaka huo ng'ombe wengi walipitishwa bondeni kutafuta malisho, na kupe wakabaki kwenye nyasi wakisubiri usafiri. Siku niliyomsogelea Hayawahusu nilikuta masikio yamejaa kupe, wamevimba kama mbaazi zilizolowekwa. Nikawa nawabandua kwa mwiba, naye ananilamba mikono kwa shukrani, halafu naenda kuoga huku bibi akihesabu kutoka jikoni. Akipotewa na hesabu, kutoka ya tano naruka moja kwa moja hadi ya saba. Nabandua leo, kesho wamejaa tena. Nilichoka. Nikachota salfa kwenye ghala la mjomba, maana kama inaua wadudu wa korosho, kupe ni nani? Nikampaka kuanzia pua hadi mkia, akawa wa njano kama mwali aliyesingwa. Siku ya tatu kupe walikuwa wanapukutika wenyewe. Wenzangu wakaniita daktari, nami nikaitika.

Wiki hiyohiyo alianza kuuacha ukoko, na asubuhi moja nikaona matone ya damu puani mwake. Nikajiambia ni salfa imemwasha. Bibi sikumwambia, kwa sababu daktari hatangazi mgonjwa wake amezidiwa. Kesho yake bwana mifugo alikuja ofisi ya kijiji kuchanja mbwa dhidi ya kichaa. Watoto tulipanga foleni na mbwa wetu tumewafunga kamba, na ilipofika zamu yangu akauliza kama mbwa ana tatizo lolote.

"Huyu mzima kuliko wewe, bwana mifugo," nikamwambia.

Foleni nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, akachanja, akaita anayefuata. Nilirudi nyumbani natembea kama mheshimiwa.

Siku kumi baadaye Hayawahusu hakuweza kusimama. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi ya daftari. Alfajiri nguruwe waliingia kwenye mpunga, akainua kichwa, akafungua mdomo abweke, sauti haikutoka. Nilikimbia kumwita bibi. Alifika, akamtazama, kisha yule bibi aliyekuwa akinihesabia maji akamwinua kwa mikono yake mitupu, udenda ukimchuruzika kwenye kanga, akamlaza ndani ya tenga nyuma ya baiskeli. Mimi nasukuma, yeye anashikilia tenga, mpaka Bungu kwa bwana mifugo. Njiani alimfuta mbwa udenda kwa pindo la kanga. Nilitamani anitukane.

Bwana mifugo alimfungua mbwa mdomo, akaminya fizi, akauliza damu ya puani ilianza lini. Nikasema kabla ya chanjo. Akaufunga mdomo wa mbwa.

"Kupe ulishawaua, mwanangu. Ugonjwa walikuwa wameshauacha kwenye damu. Siku ile nilikuwa na dawa kwenye begi."

Alimchoma sindano hata hivyo, zaidi kwa kutuonea huruma. Hayawahusu alikufa kabla hatujaimaliza barabara ya kurudi. Bibi alichimba shimo mwenyewe chini ya dungu, na jembe hakunipa.

Sasa niko kidato cha tatu, bado nachekesha darasa, na likizo nazunguka kijijini kufungua midomo ya mbwa wa watu nikitazama fizi. Kupe wamezidi kuliko wakati ule. Nikiona damu puani napiga kelele kama mwendawazimu, na wenye mbwa wananiambia niache utani. Bibi alikataa mbwa mwingine. Mpunga ukianza kuiva anapanda dungu mwenyewe, na magoti yake yale, anapiga debe na kufoka mpaka koo linakauka. Mwanzoni nguruwe walikimbia. Mwaka huu nimekaa naye pale juu, nikawaona wanainua vichwa, wanamtazama, kisha wanaendelea kula.