Simu Nzito

Bibi Mizani, binti Mchukuzi wa Magunia, mjukuu wa Fundi Chuma aliyefua mageti ya stesheni: huyo ni dada yangu wa tumbo moja. Babu alifua, baba alibeba, dada akapima. Maisha yake yote ya kazi alikaa kwenye dirisha la vifurushi. Kifurushi akikishika tu anakutajia uzito, kisha anakiweka kwenye mizani kukutoa wasiwasi. Alikuwa na mdomo pia, sifichi.

Shemeji, mume wa dada, alipofariki, sauti zake zilibaki kwenye simu ya dada. Hakupenda kuandika, alituma sauti: nunua vitunguu, nimechelewa, umelala? Dada alizisikiliza akipika. Kisha simu ikaanza kukwama, tukaipeleka kwa fundi wa simu.

"Mama, simu yako nzito," fundi akasema. "Tufute hizi sauti ipate wepesi."

Dada akaipimapima kiganjani. "Nzito? Sabuni ya kufulia inaishinda! Usinifundishe kazi yangu."

"Nzito maana yake inakwenda polepole, mama."

"Si useme imezeeka kama huyu mdogo wangu!"

Fundi akacheka. Mimi sikucheka.

Lakini neno lilishamwingia. Akataka sauti zihamishiwe kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kwanza, na kadi ipimwe kabla na baada. Jirani alikuwepo sonara mwenye mizani inayoona hata unyoya. Kadi ikapimwa tupu, ikajazwa, ikapimwa tena. Namba ile ile.

Dada akabadilika uso. Dirishani kwake, kisichoongeza uzito hakijaingia kwenye gunia. "Hazimo. Ukifuta, nimempoteza mara ya pili."

Fundi hakubishana. Akaichomeka kadi kwenye simu yangu, akabonyeza. Shemeji akakohoa, kama kawaida yake kabla ya kusema neno.

Dada akaisogeza simu sikioni. "Futa," akasema. Halafu, "Sasa amekaa wapi humo bila uzito?"

"Ni umeme umepangwa tu, mama. Huenda uzito upo, ila mdogo mno, mizani yetu haiuoni."

"Huenda? Kwa hiyo hujui."

"Sijui, mama."

Macho ya dada yakang'aa kama ya binti. Akaifunga kadi kwenye pindo la kanga, akamnyooshea fundi kidole.

"Basi kaulize, mwanangu. Waliosoma, wauza kompyuta, yeyote. Uniletee uzito wake. Na hiyo 'huenda' yako uiache huko huko."