Koti Jeupe Kutoka Kwenye Robota

“Mvalishe kaka yangu, wifi. Umelishika koti kama umeshika nyoka.”

“Simvalishi. Akikamatwa nalo atafungwa, na mimi nitaanza kupeleka uji gerezani.”

“Na hapa si gerezani?”

Nusubei, muuza mitumba, alilificha koti nyuma ya mgongo. Alitega sikio. Viatu vya mlinzi wa wodi vilikuwa na tabia ya kulia kwi, kwi, na sasa vilikuwa vinakaribia mlango. Vikapita. Akashusha pumzi.

Kati yake na wifi yake, juu ya kitanda namba tisa, alilala fundi baiskeli, mume wa mmoja na kaka wa mwenzake. Alipasuliwa ngiri, akapona, na daktari alishamruhusu. Hiyo ilikuwa siku ya sita tangu ruhusa. Fundi hakuwa na bima, na asiye na bima hapiti mlangoni bila karatasi ya keshia kwamba amemaliza kulipa. Basi alilala, na kila alipolala kitanda kilimdai tena.

Kitanda namba kumi alilala mwalimu, ambaye kidonda chake kilichelewa kupona. Ngiri ileile, daktari yuleyule, siku ileile. Mwalimu alikuwa na kadi ya bima, na bili yake ya upasuaji ilikuwa nusu ya ile ya fundi. Aliwaonyesha mwenyewe, kisha akaikunja haraka kwa haya, kama mtu aliyekutwa anakula peke yake.

Hapo ndipo Nusubei alipopatwa na homa ya moyo, maana bei ndiyo kazi yake. Jina lile hakupewa bure. Mwanamke huyu aliwahi kushusha bei ya mbuzi mpaka mwenye mbuzi akamwongezea kamba, na nusura amwongezee na mwanawe wa kiume. Kwake bei ya kwanza ni salamu tu, haijawa neno. Kwa hiyo siku ya ruhusa, keshia alipomtajia deni, Nusubei alicheka kidogo, akaweka robo ya fedha dirishani, akageuka na kuondoka polepole, akisubiri kuitwa.

Hakuitwa. Keshia aliita mtu mwingine.

Akarudi mwenyewe, na mnunuzi anayerudi mwenyewe ameshaliwa. Akaambiwa aweke dole gumba kwenye karatasi ndipo ile robo ipokelewe. Akaweka, akidhani ni stakabadhi. Mwalimu alipomsomea baadaye, karatasi ilisema amekubali deni lote, pamoja na kitanda cha kila siku mpaka litakapokwisha.

Tangu hapo hakulala. Mfagiaji alikuwa amemwambia kwamba ghorofa ya juu yupo bibi aliyeingia na jino bovu, akadaiwa mpaka wajukuu wakaoa, na sasa anang'olewa la mwisho kwa mkopo. Siku nyingine Nusubei angecheka. Safari hii aliuliza kitanda cha bibi huyo ni namba ngapi.

Wifi yake ndiye aliyelikumbuka koti. Lilitoka kwenye robota la mitumba wiki iliyopita, jeupe, refu, na kifuani limedariziwa jina la daktari wa nchi za mbali. Saa ya kuona wagonjwa watu ni wengi. Fundi angelivaa, angepita.

“Nikiulizwa dawa?” fundi aliuliza.

“Sema una haraka, kaka. Daktari gani umemwona hapa hana haraka?”

Mwalimu aligeukia ukutani, akajifanya amelala.

Nusubei alimtazama mumewe. Siku sita zilikuwa zimemla mashavu. Akawaza kesho, kitanda, na keshokutwa, kitanda. Akasikiliza tena. Vile viatu vilikuwa mbali, mwisho wa ukumbi.

“Inuka, baba watoto,” alisema, na sauti yake mwenyewe ilimtisha. “Mkono wa kulia kwanza. Usijinyooshe, mshono utauma. Ukifika mlangoni usimwangalie mlinzi, tazama tu ile...”

Pazia lilivutwa. Keshia alikuwa amevaa ndara za mpira, zisizo na sauti, na mkononi ameshika ile karatasi yenye dole gumba la Nusubei. Fundi alikuwa ameketi kitandani, mkono mmoja ndani ya koti jeupe, mwingine nje.