Mwisho Niliomtungia Bibi

Nakumbuka alasiri moja pale kijijini kwetu Isansa, mwanangu, nilipozama kitabuni hadi maharage yakaungua, na bibi yangu hakunikaripia. Alitaka tu kujua yule msafiri alitokaje pangoni.

Nilikuwa darasa la nne, enzi za Mwingereza. Mwalimu wetu alikuwa na kitabu kimoja tu cha hadithi, tukikiazima kwa zamu, kila mwanafunzi wiki moja. Kilihusu kijana aliyemuaga mama yake akaenda nchi za mbali. Mimi nilikisoma kwa Kiswahili, nikamgeuzia bibi kwa Kinyiha chetu huku yeye akichambua kahawa. Kijana alipojificha pangoni, akasikia simba anahema mlangoni, mikono ya bibi ilisimama.

"Endelea," akasema. "Usimwache hapo."

Nilijua kilichomshika. Baba yangu, mwanawe wa pekee, alikuwa amevuka Tunduma kwenda migodini Rhodesia, na kwa misimu mitatu hatukupata hata salamu.

Siku ya mwisho ya zamu yangu nilitangulia kusoma peke yangu, kule shambani. Kijana alifia ugenini. Rafiki yake ndiye aliyemletea mama kofia yake. Nililia sana, nikarudisha kitabu shuleni, kisha nikamwambia bibi kwamba kijana alirudi na ng'ombe kumi, kijiji kizima kikamchezea ngoma.

Bibi aliacha kuchambua kahawa, akanitazama.

"Huyu ambaye hakumtuma hata mtu na salamu, leo amerudi mbio na ng'ombe?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, bibi."

"Mimi sijui kusoma, mjukuu wangu, lakini yule kijana nimeshamjua. Na wewe nakujua. Kakilete, unisomee kilichoandikwa."

Kesho yake nilimweleza mwalimu yote, macho chini. Akanipa kitabu tena. Bibi alisikiliza mpaka kofia ilipofika kwa mama. Akajifuta machozi kwa ncha ya kaniki yake.

"Mwenzangu huyu amejua mwanawe alipo," akasema. "Chukua kalamu, tumwandikie baba yako."

Kumbe siku zote hizo aliogopa kuuliza, na mimi nikaogopa pamoja naye.

Barua tuliwapa vijana wa Msangano waliokuwa wakienda kutafuta kazi hukohuko. Jibu lilikuja baada ya mavuno. Baba alikuwa mzima, ameoa huko, wala hakuona dalili ya kurudi karibuni. Nilimsomea kila neno. Bibi akaniomba niirudie. Alipotosheka alisonga ugali, akala hadi akamaliza, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu masika. "Yu hai," akasema, akanisogezea mboga iliyobaki.

Basi mwanangu, visome vitabu vya kukukosesha pumzi. Visome kwa raha yako, hata kama hakuna mtihani unaokungoja. Mimi vimenifunza kuwajua watu. Lakini mtu akikutegemea umpe habari nzito, usimtungie nyingine kwa kumhurumia. Mpe kama ilivyo, kisha ukae karibu naye wakati anaipokea.

Mungu akutunzie macho yako, na asikunyime mtu wa kumsomea.