Mkwe Si Mgeni

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake unakata kuliko mkasi wake. Kila Jumamosi mchana huondoa vitambaa vya wateja kwenye meza ya kukatia, akaifuta chaki, na meza hiyohiyo ikawa ya chakula. Anayekuja anakuja. Hakuna mwaliko, wala hakuna wa kukuuliza umeletwa na nani. Tangu mumewe afariki hapendi kula peke yake, ila mwenyewe hakubali kusema hivyo. Husema chakula cha mtu mmoja hakipikiki.

Ungedhani watu wanaokula bure watakula kinachoiva. Thubutu. Wageni wa shangazi wana miiko, utadhani wote wametoka kwa mganga mmoja. Mstaafu, karani wa zamani ambaye bado anavaa tai, chumvi haigusi kwa sababu ya presha. Bibi Majani, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliacha nyama baada ya kutazama video kwenye simu ya mjukuu wake. Anawaonea huruma kuku wa mtaa mzima, ila mchuzi wao anaunywa, maana anasema mchuzi si nyama, ni maji tu yaliyopita karibu na nyama. Halafu yuko Kinyozi. Huyo ngano inamjaza gesi, na kila kitu cha ngano kwake ni sumu isipokuwa keki, kwa kuwa keki si chakula cha kila siku. Anaila kila Jumamosi.

Shangazi aliwapikia wote, kila mtu na sufuria yake, zikipokezana jiko moja kwa zamu. Lakini mwiko alikuwa nao mmoja. Mwiko huo ulikoroga kuku, ukaingia kwenye maharage ya Bibi Majani, ukapita palipo na chumvi, ukamalizia kwa Mstaafu. Miiko yote ya watu wale ilikorogwa na mwiko mmoja, na hakuna aliyewahi hata kupiga chafya.

"Unaona?" alikuwa akiniambia huku nikimenya vitunguu. "Hapa hakuna mgonjwa. Wanataka kudekezwa tu. Huyo Mstaafu anasema anakula kama ndege, na suruali yake nimeilegeza kiuno mara mbili mwaka huu. Ila mgeni ana haki ya kudeka, mwanangu."

Basi binamu yangu, mwanawe wa pekee, akaoa. Wifi yangu ni mwalimu wa chekechea, mpole, anaongea taratibu kwa kuwa amezoea kusema jambo mara tatu. Jumamosi yake ya kwanza alimfuata shangazi jikoni, kwa adabu, pasipo mgeni, mimi tu na vitunguu vyangu.

"Samahani, mama. Mimi karanga hunidhuru. Nikila koo linafunga. Utotoni niliwahi kulazwa."

"Usijali, mwanangu," shangazi akasema, akamshika bega.

Wifi hajafika hata mezani, shangazi kanigeukia. "Umesikia maringo hayo? Karanga!"

Elewa kwamba karanga ndiyo fahari ya shangazi. Hukaanga mwenyewe, hutwanga mwenyewe, na unga wake hauachi mboga salama. Nikamwambia wako watu wa namna hiyo, na wengine wanakufa kweli. Akaniambia nami nimeanza. Nikamuuliza kwa nini basi Mstaafu apikiwe sufuria yake na wifi asipikiwe.

"Mstaafu ni mgeni. Mkwe si mgeni. Mkwe anakula kinacholiwa nyumbani."

Wahenga walishamaliza: kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Wifi hakubishana. Alikuwa ameuona ule mwiko unavyotalii, basi kila Jumamosi alichukua wali mweupe na yai la kuchemsha, akalimenya mwenyewe, akala, akashukuru, akaosha vyombo. Yai hilo ndilo lililomkera shangazi. Na Bibi Majani, ambaye huruma yake yote imeishia kwa kuku, akamwinamia shangazi sikioni siku moja wakati wa kupimwa gauni.

"Mwenzangu, mtu asiyekula ila alichomenya mwenyewe, hapo kwako anaogopa nini?"

Shangazi hakulala vizuri wiki ile. Alinung'unika kwangu, kwa wateja, kwa cherehani. Mkwe anamwona mchawi. Mkwe anamtangaza kwa yai. Jumamosi ilipofika nilikuta kila kitu kimeiva, na shangazi ana uso wa sikukuu. Akamwekea wifi bakuli dogo lenye mfuniko, zito kwa bizari na tangawizi.

"Haya mwanangu, maharage haya ni yako peke yako. Sufuria yake, mwiko wake."

Macho ya wifi yakalengwa na machozi. Nilimwona. Alikuwa amengoja neno hilo tangu ndoa. Akala kwa furaha, kijiko baada ya kijiko, na shangazi akimtazama.

"Matamu?"

"Matamu sana, mama. Asante."

Bakuli lilipofika nusu, shangazi akasimama, mikono kiunoni, akaitangazia meza nzima. "Basi humo mna karanga. Za kutosha. Na mkwe wangu huyu hapa, mzima."

Kinyozi akacheka. Mstaafu naye akacheka, huku akijinyunyizia chumvi kwa kuwa hakuna aliyemtazama. Wifi aliweka kijiko chini, akamwambia mumewe kwa sauti ndogo, "Nipeleke hospitali. Sasa hivi."

Na binamu yangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, akamtazama mama yake kwanza. Nilimchukia pale pale, na bado sijamaliza kumchukia.

Midomo ya wifi ikaanza kuvimba, kisha macho, kisha sauti ikakwaruza na kupotea. Hapo ndipo mabingwa walipojitokeza. Bibi Majani akaagiza maji ya moto na ndimu. Mstaafu akasema hiyo ni presha, yeye anaijua. Kinyozi akasema lazima kuna ngano. Nilimvuta Kinyozi kwa ukosi wa shati nikamwambia gari lake linahitajika, si elimu yake. Haki yake nampa, alikimbia. Tulimbeba wifi akivuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

Daktari alimchoma sindano, akamwekea oksijeni, na baada ya muda akatujia ukumbini tulikokaa. Akasema tungechelewa kidogo tu, angekuwa na habari nyingine ya kutupa. Kisha akauliza kama nyumbani tulijua kuhusu karanga.

Shangazi alikuwa bado na pini za kushonea kifuani. "Nilijua," akasema. "Ila sikujua kwamba ni kweli."

Akalia. Alilia kweli, hilo silikatai.

Lakini shangazi ni shangazi. Wiki ile wifi akiwa bado wodini, tayari wateja wanapimwa mabega huku wanasimuliwa, pini mdomoni: mkwe wake ana aleji, ile yenyewe ya hospitali, si hizi za watu za kujipa. Utadhani ni cheo alichompa yeye. Bibi Majani akaanza kusema alionya tangu mwanzo. Mstaafu, asiyependa kupitwa, akagundua kwamba mayai humvimbisha vidole. Na Jumamosi meza ikajaa kama kawaida, tena zaidi, maana watu walitaka kukiona kiti alichovimbia wifi.

Wifi alirudi mwezi uliofuata. Binamu yangu alimsihi sana, na wifi hana roho ya kuvunja nyumba ya mtu. Shangazi alikuwa amegawa karanga zote mtaani, amenunua sufuria mpya na mwiko mpya, amesugua meza mpaka rangi imetoka. Akampakulia wifi kabla ya wageni wote, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Kuku, mboga, maharage.

"Kula, mwanangu. Naapa hamna kitu."

Wifi akaitazama sahani, akaisogeza mbele kidogo kwa vidole viwili.

"Asante, mama. Nimeshiba."

Shangazi akachota kijiko kwenye sahani ileile, akala mbele ya watu wote. Akachota cha pili, akala. Akairudisha sahani mbele ya mkwe wake. "Unaona? Nami nimekula."

"Nimeona, mama. Nimeshiba."

Nami ndimi niliyekuja naye kwa miguu mchana ule, na njia nzima tulikuwa tukilicheka tumbo lake linavyonguruma kwa njaa.